Mtume na Mtumwa: Majina Yetu katika Santuri ya Watu wa Mbali



Haki ya mtoto juu ya wazazi wake huanzia kwenye jina. Siku ya saba tunachinja akika, tunamnyoa nywele, na tunamtaja mbele ya jamaa kwa jina zuri. Na huku kwetu bara ya Lindi, baina ya Nachingwea na Ruangwa, iko desturi nyingine ya wazee: kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na ukimwita tena kwa lile la utotoni umemvunjia heshima mbele za watu. Kwa hiyo mtu wa huku hahitaji kufundishwa kwamba jina lina uzito. Walakin, katika akika nyingi nilizoalikwa, wazazi huniuliza kama jina linapendeza. Ni wachache mno waniulizao lina maana gani.

Leo napenda tuzungumze juu ya majina, na mfano wangu nautoa mahali ambapo pengine hamkutazamia kupelekwa na mtu wa kilemba, nako ni kwenye santuri ya muziki iliyopigwa Marekani mwaka 1969. Mimi sikuitafuta. Ililetwa mbele yangu pamoja na ugomvi wa baba na mwanawe, nami nikatakiwa nitoe neno. Lakini kabla ya ugomvi, na tuijue kwanza santuri yenyewe, kwani haifai kuhukumu kitu ambacho hatujakitazama.

Wengi wenu mkisikia neno "jazz" mtakumbuka bendi za dansi za zamani: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964. Hizo zilichukua jina tu. Muziki wao ulikuwa wa magitaa na rumba iliyotoka Kuba, ukachanganyika na ngoma zetu. Jazi yenyewe ni muziki wa watu weusi wa Marekani, vizazi vya wale waliovushwa bahari ya Atlantiki katika minyororo. Katika muziki huo mpigaji hupewa njia fupi ya wimbo, kisha huiacha na kwenda kwa akili yake mwenyewe, wenzake wakimfuata na kumjibu, mpaka arejee. Mwishoni mwa miaka ya sitini jazi ikaanza kuchanganywa na mambo mengine. Wako walioingiza vyombo vya umeme, kama alivyofanya Miles Davis mwaka huo wa 1969, na wako waliozirudisha ngoma za Afrika.

Santuri yetu hii ni ya hao wa pili. Ilirekodiwa tarehe 11 Desemba 1969, ikatolewa mwaka uliofuata. Kiongozi wake alikuwa mpiga dramu Albert Heath, mtu wa Philadelphia. Ndugu yake, Jimmy Heath, alipuliza saksafoni. Herbie Hancock alikuwa kwenye piano, Don Cherry kwenye tarumbeta, Buster Williams kwenye besi, Billy Bonner kwenye filimbi. Tumba zilipigwa na kijana wa miaka 23, mtoto wa huyo Jimmy, naye ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo. Jina la santuri hiyo ni "Kawaida". Na miongoni mwa nyimbo zake ni "Baraka", "Maulana", "Kawaida" na "Dunia".

Naam, msomaji, hukusoma vibaya. Na wapigaji wenyewe nao walikuwa na majina ya Kiswahili. Albert Heath aliitwa Kuumba. Hancock aliitwa Mwandishi. Williams aliitwa Mchezaji. Na yule kijana wa tumba, James, aliitwa Mtume.

Hancock akaendelea na njia hiyo katika bendi yake, na mwaka 1971 ikatoka santuri iliyoitwa kwa jina lake hilo, "Mwandishi", ambamo jazi ilichanganywa na vyombo vya umeme. Kila mpigaji wa bendi hiyo alikuwa na jina la Kiswahili. Mpiga dramu Billy Hart aliitwa Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na kwa kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari wake chuo kikuu. Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto. Najua hapa nyumba nyingi za pwani zitacheka, kwani kwetu sisi pepo ndiye apelekwaye kwa mganga akatolewe, na hawa wawili walikuwa wakisimama jukwaa moja! Chekeni, lakini tusiishie kwenye kicheko.

Walitoa wapi majina hayo? Mwaka 1965 aliuawa Malcolm X, aliyekuwa amehiji Makka mwaka uliotangulia na akafika mpaka Dar es Salaam. Mwaka huo huo, katika mji wa Los Angeles, mtu aitwaye Maulana Karenga akaunda jumuiya ya kuwafundisha watu weusi wajitazame kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1966 akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye misingi saba ambayo yote ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mafundisho yake akayaita Kawaida. Wengine walipata majina yao kwa mlango wa Uislamu. Mshairi LeRoi Jones alipewa jina na Hajj Heesham Jaaber, Muislamu aliyesimamia mazishi ya Malcolm X, kisha jina hilo likageuzwa kwa lafudhi ya Kiswahili likawa Amiri Baraka.

Msomaji ataniuliza: je, watu hao asili yao ni Waswahili? La. Wazee wao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, na Kongo, na Angola, na ni wachache tu waliotoka upande wetu huu. Walikichagua Kiswahili kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, na kwa sababu nchi yetu katika miaka hiyo ilikuwa ikitazamwa sana na watu weusi wa kila mahali. Hapa Nachingwea penyewe, mji uliojengwa kwa ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, tangu 1965 palikuwa na kambi ya FRELIMO, na sisi watoto wa wakati huo tulikua tukisikia nyimbo za watu waliokuwa wakijiandaa kuikomboa nchi yao. Basi wakati bendi zetu zilipokuwa zikijivunia jina la Wamarekani, Wamarekani hao nao walikuwa wakiazima majina kwetu.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Kijana mmoja wa Ruangwa ni fundi simu hapa Nachingwea, na baada ya magharibi huhudhuria darsa yangu. Ijumaa moja alikwenda kwao kumwona baba yake, mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa swala tano. Kijana alikuwa akisikiliza santuri hiyo katika simu. Baba akaiona simu mkekani, akasoma majina ya wapigaji, akakuta Mtume. Akamwambia mwanawe achague baina ya simu ile na nyumba yake. Wakaja kwangu wote wawili, wamepanda gari moja wala hawasemezani.

Nikamsikiliza baba kwanza. Alisema, "Sheikh, sisi tukilitaja jina hilo tunasalia na kusalimu. Leo nalisoma juu ya mpiga tumba." Na hoja yake haikuishia hapo. Alikuwa ameambiwa kwamba mtu huyo baadaye, mwaka 1983, alivuma sana kwa wimbo wa mapenzi uitwao "Juicy Fruit", na bendi yake iliitwa jina hilo hilo, Mtume. Jambo hili ni kweli, wala halipunguziki kwa kulinyamazia. Jina likitengwa na maana yake huweza kubandikwa mahali popote, na moyo wa Muislamu una haki ya kuumia.

Kisha nikamwuliza kijana kilichomvuta. Akajibu, "Sheikh, nilipoona majina nilidhani ni watu wa kwetu. Nilipojua si wa kwetu, nikasikiliza tena." Nikamtaka aiweke tuisikie pale pale, maana hakimu hahukumu shahidi ambaye hajamsikia. Wanazuoni wetu wana khitilafu ndefu juu ya muziki na vyombo vyake. Kila nyumba inayo fatwa inayoifuata, na mlango huo sikuufungua siku ile, wala siufungui leo.

Nitawaeleza tu nilichokisikia. Besi hushika njia yake fupi na kuirudia, kama mtu atwangaye asiye na haraka. Tumba huja juu yake, na mzee yeyote wa huku atatambua kwamba mikono ile inatafuta ngoma fulani ambayo haijapata kuiona. Filimbi na tarumbeta huulizana. Nyimbo za siku hizi hukushika mkono zikakukokota. Hizi ni ndefu, nazo hukukalisha. Imam Ghazali ameweka kitabu kizima katika Ihyaa juu ya usikilizaji, na humo mna mafundisho kwamba sauti haiingizi moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Nadhani hiyo ndiyo siri ya santuri hii kupendwa na watu wasiokuwako ilipopigwa. Msikilizaji anawasikia watu wakibisha hodi kwenye nyumba ambayo hawakumbuki mlango wake uko wapi. Aliye na hodi kama hiyo moyoni mwake, hutikisika.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa hasira iliyokwisha kupungua, "Lakini watajuaje adabu ya majina hawa? Si wajukuu wa watumwa?"

Kijana akatazama chini. Akasema polepole, "Na yule bibi yake babu, baba? Alifika Lindi kwa hiari yake?"

Baba hakujibu. Chumba kizima kikanyamaza, na mimi nikajua kwamba sasa ndipo tumefika kwenye ugomvi wenyewe.

Ndugu msomaji wa pwani, unaijua habari hii ijapokuwa huizungumzi. Katika karne ya kumi na tisa misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremka kupitia nchi hizi za nyuma ya pwani mpaka Kilwa Kivinje na Lindi, ikiwa na pembe na ikiwa na watu. Njia zile zile zilizopandisha kwetu Kiswahili na Qur'ani ziliteremsha mateka. Wako wazee wetu waliokamatwa, na wako wazee wetu waliokamata; na katika nyumba nyingine za Ruangwa, wote wawili ni wa ukoo mmoja. Bibi yule alirudi bara baada ya miaka, akaolewa, akazaa, na watoto wake wakakatazwa kuuliza.

Basi nikawapa neno langu, nalo naliandika hapa kwa faida ya wengine.

Juu ya jina, nilisema hivi. Katika Kiswahili, mtume asili yake ni mtu aliyetumwa. Ndugu zetu Wakristo nao husema mitume. Hao wa Los Angeles walilikuta neno katika kitabu, wakalipenda kwa maana ya mjumbe mwenye ujumbe kwa watu wake. Hawakukusudia kumdharau Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na hadithi ya nia kila mtoto wa chuoni anaijua. Kwa hiyo siiti kufuru. Lakini kwa Muislamu anayejua, neno hilo lina mwenyewe, na hamwiti mwanawe hivyo. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiyabadili majina yasiyofaa, binti aliyeitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. Ajuaye humwelekeza asiyejua, na hamfukuzi. Wala haifai baba kumtoa mwanawe nyumbani kwa jina alilojipa mtu mwingine ng'ambo ya bahari kabla mwana huyo hajazaliwa.

Kisha nikawaambia wayatazame vizuri maneno mawili, mtume na mtumwa. Yametoka kwenye mzizi mmoja, kutuma. Mmoja katumwa kwa heshima, amebeba ujumbe. Mwingine katumwa kwa nguvu, amebeba mzigo. Ni tofauti ya silabi moja tu, wala lugha haikuweka ukuta baina yao; ukuta umewekwa na watu. Na Kiarabu nacho kina ajabu kama hiyo. Ule wimbo uitwao "Maulana" umetoka kwenye neno maula. Bwana huitwa maula, na mtumwa aliyeachwa huru naye huitwa maula. Mola wetu tunamwomba kwa neno hilo mwishoni mwa Suratul Baqara. Na Salim, aliyekuwa miongoni mwa wasomaji wakubwa wa Qur'ani katika masahaba, anatajwa vitabuni kuwa ni maula wa Abu Hudhayfa.

Basi, sijui kama yule kijana wa tumba aliujua mzizi huo. Lakini kilichotokea ndicho hicho: kizazi cha watumwa kilinyosha mkono katika lugha yetu, kikaliacha neno ambalo wengine wangewapa, kikachukua jirani yake. James Mtume alilibeba jina hilo mpaka alipofariki tarehe 9 Januari 2022. Tunaweza kumlaumu kwa adabu. Lakini na tuulizane na sisi, lile neno la pili, mtumwa, sisi tunalitumiaje?

Ninajua tunavyolitumia, kwa sababu huletewa mashauri ya ndoa. Kijana amesoma, anaswali, ana kazi, anapeleka posa katika mji wa pwani. Wanamkirimu kwa kahawa na halwa, kisha mzee mmoja anauliza kwa sauti ya chini, "Asili yake wapi?" Na posa inarudi kwa sababu isiyotajwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa na sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Miaka mia na zaidi imepita, na bado liko swali linaloulizwa kwa kunong'ona, na jibu lake linabebwa na mtoto ambaye hakuwako. La ajabu ni kwamba Unguja na mwambao mzima wako kina mama waliopewa jina la Mtumwa na wazazi wao, kwa mapenzi, kwa maana ya mja wa Mwenyezi Mungu. Tunalipenda neno likiwa jina la binti yetu, tunalitema likiwa asili ya mkwe.

Atasema msemaji kwamba vitabu vya fiqhi vina mlango wa kufu. Ni kweli, nami nimeusoma na kuusomesha. Lakini uliwekwa kulinda maslaha ya mwanamke na walii wake wakati utumwa ulipokuwa hali ya watu walio hai. Haukuwekwa ili ufukuliwe mfupa wa bibi aliyekufa. Na katika sira, Usama, mwana wa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alikabidhiwa jeshi akiwa kijana, na ndani yake mna masahaba wakubwa kwa umri na nasaba. Aliyelalamika alijibiwa, na jeshi likaenda.

Yule baba wa Ruangwa alirudi na mwanawe. Simu haikutupwa, walikubaliana isipigwe sauti kubwa wakati wa swala na wageni. Na baada ya wiki mbili kijana aliniambia kwamba baba yake alimwita uwani, akamtajia jina la yule bibi, na jina la mahali alipokamatwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuwa amepata kulisikia.

Ndugu zangu, nawausia mambo matatu. La kwanza, mnapowapa watoto majina, wapeni na maana zake, kwani jina lisilo na maana ni kama barua isiyofunguliwa. Watu wa mbali walisafiri katika kamusi kutafuta maneno ambayo kwenu yamejaa majumbani, na wengine walikosea, kwa sababu hawakuwa na mwalimu. La pili, mkimwona mtu amelichukua neno lenu akaliweka mahali pasipofaa, mwelezeni kabla ya kumhukumu. Huenda ana njaa ya kitu ambacho ninyi mmeshiba. La tatu, waambieni watoto wenu wazee wao walikuwa nani, waliokamatwa na waliokamata, na mzee wa kaya awe wa kwanza kusema. Mtoto asiyeambiwa ataisikia siku moja kama tusi, kutoka kwa mtu asiyempenda.

Ewe Mola wetu, tusamehe na uwasamehe wazee wetu, uwarehemu walioteremshwa njia hizi kwa minyororo na kaburi zao hazijulikani, na utujaalie ndimi zinazoyatunza maneno uliyotupa. Amin.

Wabillahi tawfiq.